Wiki nane Lanzarote: jinsi ya kwenda kambi ya triathloni na mwenzako na kurudi mkiwa bado mnaongea

Kwenye usukani wa baiskeli yangu kuna kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa KULIA kwa kalamu ya wino mzito. Nilikibandika usiku tuliofika Lanzarote, kwa sababu Hispania watu huendesha upande wa kulia na mimi nimekulia Tanga. Kufikia wiki ya pili, katikati ya mlima wa Femés, gia nyepesi zimekwisha na upepo unanipiga usoni, neno lile lile likanionyesha maana yake ya pili.

Mimi ni mhasibu, miaka 43. Mume wangu, Baba Nasra, ni mhandisi wa maji, miaka 47. Sote ni watu wa katikati ya msafara: tunamaliza, tunavikwa medali, tunatafuta supu. Masafa yangu ni nusu, yaani kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90 na kukimbia 21.1. Yeye anaota masafa kamili, mara mbili ya hayo. Tulidunduliza miaka mitatu, na mwaka 2025, baada ya Idi, tukaondoka Dar kwa wiki nane.

Wenzetu tunaoendesha nao Jumamosi wananiuliza tuliendesha kilomita ngapi. Huuliza hivyo kwa sababu ndicho kinachoonekana kwenye simu. Lakini kambi ndefu huvunjikia kwenye mambo ambayo saa ya mkononi haipimi: nguo mbichi, chupa ambayo hakuna aliyeiosha, nani alimsubiri nani, na hela. Wiki moja unaweza kuishi kama mchezaji. Wiki nane umehama nyumba, na nyumba ina kazi zake. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao huwaudhi wengi, ni kwamba mpange kufua kabla hamjapanga mazoezi.

Mahali, msimu na upepo

Tulichagua Aprili hadi Juni kwa sababu ya masika. Mwezi wa Aprili Barabara ya Bagamoyo ni madimbwi, na kuingia kwenye dimbwi usilojua kina chake huku daladala ikikupigia honi nyuma ni kumjaribu Mungu. Ramadhani nayo ilikuwa imekwisha mwishoni mwa Machi, hatukulazimika kuchanganya funga na mazoezi ya muda wa saa tano.

Lanzarote ni kisiwa cha Hispania kwenye Atlantiki, ila kipo karibu na Morocco kuliko Madrid. Urefu wake ni kama kilomita 60. Mvua ni chache mno, na mchana wa Aprili na Mei joto hucheza kati ya nyuzi 20 na 25. Kuanzia 1730 hadi 1736 volkano zilifunika sehemu kubwa ya magharibi, na mpaka leo unaendesha katikati ya mawe meusi bila kuona mti, kisha ghafla unakuta msururu wa ngamia wamebeba watalii. Barabara ni laini, na madereva wamezoea baiskeli. Mashindano ya Ironman, yale ya masafa kamili, yanafanyika pale tangu 1992. Sheria inamtaka dereva akuachie angalau mita 1.5 anapokupita. Mara ya kwanza gari lilipokaa nyuma yangu dakika nzima likingoja nafasi, niliogopa. Nilidhani linanifuatilia.

Kilele cha kisiwa ni mita 671 tu. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto atacheka. Asicheke. Pale unapanda kutoka baharini, unashuka, unapanda tena, na juu ya hayo kuna upepo. Sisi watu wa pwani tunajua kusi na kaskazi, kila mmoja na miezi yake. Upepo wa kule, wenyewe wanauita alisio, unatoka kaskazini mashariki kama kaskazi yetu, ila hauendi likizo, na kiangazi kikikaribia unazidi. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wazee wetu, na dau lenyewe ni wewe. Anza safari kwa kwenda joshi, yaani kukabili upepo, ukiwa na nguvu: toka kuelekea kaskazini, Teguise, Haría na Mirador del Río, halafu urudi na tanga limejaa. Sisi siku ya nne tulifanya kinyume. Tukateremka kutoka Puerto del Carmen, tulikokaa, hadi Playa Blanca ya kusini tunacheka, kilomita thelathini hivi bila jasho. Kurudi kulichukua karibu mara mbili ya muda ule, na hakuna aliyezungumza. Rimu zenye kina kirefu, zile za kupendeza kwenye picha, ziache nyumbani. Upepo wa ubavuni kwenye barabara ya Timanfaya unazisukuma kama mlango ulioachwa wazi.

Kama fedha haifiki huko, nendeni Lushoto wiki mbili. Sisemi kwa kuwafariji. Mlima ule ni mzuri, na maswali mengi ya humu yatawakuta hata huko.

Kuhusu nyumba: tulipanga Puerto del Carmen, pwani ya kusini mashariki, kwa kuwa kuna ghuba ndogo ya kuogelea iitwayo Playa Chica, njia ya miguu ya pwani ya kukimbilia, na maduka ya vyakula ya kufika kwa miguu. Zipo hoteli za michezo zenye mabwawa ya mita 50 na kila kitu, nzuri kwa wiki moja. Kwa nane, utarudi na deni. Vigezo vyangu vilikuwa vinne na sikukubali kupunguza hata kimoja: mashine ya kufulia, sufuria za kweli jikoni, mahali pa kuweka baiskeli bila kupanda ngazi, na mlango kati ya chumba cha kulala na sebule. Mlango huo ndio uliookoa ndoa, kwa sababu Baba Nasra huamka saa kumi na moja alfajiri na kuanza kusaga kahawa. Uliza bei ya mwezi, usizidishe bei ya usiku. Hata hivyo nyumba ilikula karibu nusu ya bajeti yetu yote, na hivyo ndivyo unavyopaswa kutarajia.

Makaratasi na mtoto

Anza na mwajiri kabla ya tiketi. Sheria ya kazi ya Tanzania inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka, ambazo ni wiki nne kamili. Nilizichukua zote, nikaomba wiki nne nyingine bila malipo. Barua niliiandika miezi saba kabla na nikaikumbushia mara tatu. Baba Nasra ana ofisi yake na mshirika. Yeye alilipa kwa njia nyingine, kila Jumatatu na Alhamisi jioni yuko mbele ya kompyuta akikagua michoro ya mabomba huku miguu iko kwenye beseni la maji baridi.

Viza ya Schengen, ndiyo inayotumika Hispania, inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na Visiwa vya Canary vimo. Maombi hupelekwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Sisi tulipeleka wiki kumi kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudi ukinyimwa. Bima ya afya isipungue euro 30,000. Kila mmoja ana faili lake hata kama mmeoana. Anayekagua anataka kuona kwamba mtarudi, kwa hiyo weka barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuripoti kazini, taarifa za benki zisizo na fedha nyingi iliyodondoka juzi, tiketi ya kurudi, mkataba wa nyumba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayebaki, na cheti cha ndoa. Cha kwetu kilikuwa kwa mama mkwe, chini ya khanga kwenye sanduku, na kilitafutwa siku nne. Kitafute leo.

Bima za viza nyingi hazilipi ajali ya mashindano, na baadhi hukwepa hata baiskeli. Soma yale maandishi madogo ya mwisho. Tulinunua bima ya pili ya michezo, na sijutii ingawa hatukuidai hata senti.

Nasra ana miaka 11 na alikuwa na shule. Mama yangu alihamia kwetu kutoka Tanga wiki moja kabla ya sisi kuondoka, alijue gari la shule, dereva wake na duka la dawa lililo karibu. Tulimwachia barua ya ruhusa ya matibabu, kadi ya bima na fedha za dharura zisizo kwenye simu. Maneno ya watu yatakuwepo. Shangazi yangu mmoja aliuliza mbele ya kadamnasi kama bahari ya Dar imekauka hata tukaogelee Ulaya. Mjibu kwa heshima, kisha mpigie mtoto simu kila siku saa ile ile. Sisi ilikuwa saa kumi jioni ya kule, saa kumi na mbili ya nyumbani, na mazoezi ya jioni yalipangwa kuizunguka simu hiyo.

Baiskeli: nani abebe, nani akodi

Tulibeba moja na kukodi moja. Mimi ni mfupi, fremu yangu ni ya sentimita 48, na saizi hiyo ni adimu kwenye maduka ya kukodisha. Baba Nasra ana mwili wa saizi ya kawaida, akakodi kwa wiki nane na kupunguziwa bei, akaja na siti yake na pedeli zake tu. Kwa njia hiyo tulisafiri na sanduku moja badala ya mawili. Yeye alitaka abebe yake, mimi nikamfungulia jedwali la gharama. Kuna faida ya kuoa mhasibu.

Kufunga baiskeli, anza siku mbili kabla. Ipige picha ikiwa nzima. Zungushia plasta kwenye mlingoti wa siti pale unapoingia kwenye fremu, ili urefu usipotee. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume na ulivyozoea, kwa kuelekea zinakozunguka akrabu za saa. Nimeona fundi wa watu akiining'inia dakika ishirini. Kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kifungue kabisa, ukivingirishe kitambaa na kukifunga ndani ya fremu, kwa maana ndicho hupinda kwanza sanduku likitupwa. Breki zikiwa za diski za mafuta, pachika kipande cha plastiki kati ya pedi na usiguse breki wakati gurudumu limetoka, maana zitabanana. Punguza upepo kwenye tairi. Betri zote za lithiamu, za taa na za kuchajia simu, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi usiibebe kabisa. Chukua pampu ya mkono. Sanduku zima lilale kwenye kilo 23, lipime nyumbani, na liandikishwe kwenye tiketi mapema. Beba risiti ya baiskeli au picha ya namba ya fremu, ili siku ya kurudi forodha wasidhani umeinunua huko. Na kumbuka plagi: zetu za pini tatu haziingii kule.

Kuhusu baiskeli ya kukodi kuna jambo hawakuambii. Hispania breki ya mbele kwa kawaida huwa mkono wa kushoto. Zetu nyingi ziko kulia. Baba Nasra alilijua hilo kwa kichwa, lakini mkono haujui kusoma. Siku ya kwanza akashika kwa nguvu breki aliyodhani ni ya nyuma, gurudumu la nyuma likainuka mbele ya mkahawa uliojaa wazee wa Kijerumani. Hakuanguka. Walimpigia makofi. Unapoagiza baiskeli, waombe wabadilishe pande kabla hujafika.

Siku kumi za mwanzo

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulilichukua wenyewe siku ya kwanza, na hilo ni kosa. Umetoka kwenye ndege mbili au tatu, usingizi umeparaganyika, hewa ni kavu, na mwezi wa Mei jua linazama karibu saa tatu usiku. Kwa sisi tuliozoea Magharibi ya saa kumi na mbili na nusu, mwili haujui wakati wa kula. Wiki ya kwanza fanya pungufu ya unayofanya nyumbani. Pungufu, narudia.

Upande wa kulia ujifunze kwa miguu kwanza. Tembeeni mji mzima, mvuke barabara, mwangalie magari yanatokea wapi. Hatari haiko kwenye barabara iliyonyooka, ambako unafuata wenzako. Iko unapotoka mahali patupu: nje ya kituo cha mafuta, baada ya kupiga picha, kwenye njia panda isiyo na gari. Siku ya pili Baba Nasra alitoka kwenye duka la maji akashika kushoto kama yuko Mbezi, na mimi nyuma nikamfuata kama kondoo. Basi dogo lilituwashia taa kutoka mbali, tukahama. Usiku ule ndipo plasta ilipoandikwa ya pili, ya kwake. Na kipilefti! Neno lenyewe linakudanganya. Kule unakizunguka kwa kulia, na aliyemo ndani ndiye mwenye haki. Tuliweka desturi ya kutamka kwa sauti kabla ya kila kimoja: "kulia, mama", "kulia, baba". Wapita njia walituona vichaa. Helmeti nje ya mji ni lazima kisheria, na namba ya dharura ni 112.

Bahari ni hadithi nyingine. Maji ya Dar mwezi wa Aprili yana joto la chai iliyosahauliwa. Ya Lanzarote yalikuwa nyuzi 19. Ukiingia kwa pupa, kifua kinabana na pumzi inakwenda mbio, na hapo hata muogeleaji mzuri anaweza kunywa maji. Suti ya mpira ya kuogelea ni lazima kwetu. Inunue kwa kuijaribu mwilini, ibane bila kukunyima pumzi, na shingoni upake mafuta ya mgando kabla ya kuivaa, la sivyo chumvi na mpira vitakuchuna. Simama kwenye maji ya kiuno, mimina maji ndani ya suti kupitia shingoni, loweka uso, pumua nje polepole mara kumi, ndipo uondoke. Dada zangu wanaojiuliza kuhusu stara: suti ile imenisitiri kuliko vazi lolote la kuogelea nililowahi kuvaa, na nywele ziko chini ya kofia mbili. Vaa boya la rangi kali linalokufuata, ogelea sambamba na ufuko, tii bendera za walinzi. Famara, ule ufuko mrefu wa kaskazini wenye picha nzuri, tuliutazama tu. Mikondo yake si ya kuchezea.

Wiki yetu ilivyokaa

Mapumziko yetu yalikuwa Ijumaa, kwa sababu inayoeleweka. Jumamosi baiskeli ndefu, Jumapili kukimbia kurefu na kuogelea kwa kulegea. Jumanne milima, Jumatano bahari na kukimbia kwa kasi, Alhamisi baiskeli ya wastani. Jumatatu kila mtu afanye alitakalo, ikiwa ni pamoja na kulala. Jumapili asubuhi usipitishe baiskeli Teguise: kuna soko kubwa na mabasi ya watalii yanajaa barabara.

Nyumbani mimi hufanya saa nane kwa wiki, yeye kumi na moja. Mpango ulikuwa tupande taratibu wiki tatu, tushuke ya nne, tupande tena, na nisivuke saa kumi na nne. Mimi niliufuata kwa kuwa ulikuwa kwenye jedwali. Baba Nasra wiki ya tatu alifanya saa ishirini na moja. "Niko likizo," alisema, "nitapumzika nikirudi kazini." Alhamisi yake akapanda Tabayesco, kona baada ya kona kwa kama kilomita kumi kutoka pwani, akashuka, akaipanda tena. Jumamosi akaamka na homa.

Hapa ninaomba msomaji asikimbie. Ukitoka Afrika Mashariki na ukapata homa Ulaya ndani ya wiki za mwanzo, usikubali kuambiwa ni mafua kabla hujapimwa malaria. Daktari wa kule haioni kila siku na huenda asiiwaze. Sema mwenyewe, mlangoni: tunatoka Tanzania, tumeondoka tarehe fulani, naomba kipimo cha malaria leo. Nilikuwa nimeandika sentensi hiyo kwa Kihispania kwenye karatasi kabla ya kuondoka Dar, nikamwonyesha nesi. Kipimo kilitoka safi. Ilikuwa ni uchovu na mafua kweli, na alilala siku sita. Saa ishirini na moja zikafutwa na siku sita za kitandani. Ukipiga hesabu, mimi nilifanya mazoezi mengi kuliko yeye mwezi ule. Sikumwambia. Niliacha jedwali wazi mezani.

Mimi yangu yalikuwa madogo lakini ya aibu: michubuko ya siti. Badilisha kaptula mara unaposhuka, usikae nayo mkahawani. Ifue kila siku. Watu wawili wanaofanya mazoezi mara mbili kwa siku wanatoa seti nne za nguo zenye chumvi, kila siku, wiki nane. Upepo unakausha kwa saa moja, ila nunua vibanio vizuri. Kaptula ya Baba Nasra iliishia kwenye uwanja wa jirani, akairudisha imekunjwa vizuri kama zawadi.

Mwendo tofauti, nyumba moja

Hili ndilo lililonifanya niandike. Yeye ana kasi kuliko mimi kwenye baiskeli na nchi kavu. Mimi namwacha majini. Wiki mbili za mwanzo tulitoka pamoja kila siku, na kila siku tulirudi tumenuniana. Wanaoendesha wawili wawili wanajua ugonjwa wa nusu gurudumu: mwenzako yuko pembeni yako, ila gurudumu lake liko mbele kidogo. Ukiongeza kumfikia, naye anaongeza. Hajui anafanya. Wewe unajua. Baada ya saa mbili umekwisha, na yeye anakuuliza kwa upendo kabisa, "Vipi leo, hujalala vizuri?"

Tulikaa kikao, kwa chai, siku ya mapumziko, kwa maana kikao cha aina hiyo hakifanywi mkiwa na njaa. Tukakubaliana hivi. Jumanne na Alhamisi kila mtu peke yake, na simu inayoonyesha alipo. Jumamosi tunakwenda mahali pamoja lakini hatuondoki pamoja: mimi natangulia dakika thelathini, tunakutana mkahawani Haría, na mara nyingi tulifika tukipishana dakika tano. Jumatano baharini mimi ndiye mwenye mwendo na yeye anafuata boya langu, jambo lililomfundisha adabu ya upande wa pili haraka kuliko maneno yangu yote. Na mara moja kwa wiki tunaendesha bega kwa bega kwa mwendo wa aliye taratibu, bila saa, kupitia La Geria ambako mizabibu imepandwa kwenye mashimo ya majivu meusi, kila mmoja na ukuta wake mdogo wa mawe wa kukinga upepo.

Kanuni ya mwisho ni ngumu kuliko zote: hakuna kumkosoa mwenzako kabla hajauliza. Wala mkono wake unavyoingia majini, wala gia aliyotumia. Yeye aliivunja mara mbili, mimi mara tano. Faini ilikuwa kuosha chupa zote.

Chakula kilitugawa kidogo. Kuna unga wa nafaka zilizokaangwa, gofio, wa mahindi au ngano. Nilijaribu kuusonga kama ugali, Baba Nasra akaula kwa uvumilivu. Kwenye uji na maziwa ukawa mzuri sana, tukaunywa kila alfajiri. Samaki ni wengi, viazi vidogo vya kuchemshwa na chumvi vinakuja na mchuzi wa pilipili, na bucha ya halali tuliipata Arrecife. Barabarani nilibeba tende badala ya zile jeli za bei mbaya: tende tano ndogo ni kama gramu 25 za sukari, na safari ndefu inataka gramu 60 hivi kila saa, kwa hiyo tende na chupa yenye sukari, ndimu na chumvi zinatosha. Toa kokwa nyumbani. Kutafuna kokwa mlimani ni kujitafutia daktari wa meno.

Hatukushindana. Wengi wanashangaa, kwa kuwa Ironman yenyewe ilipita mbele ya nyumba yetu mwezi wa Mei. Shindano kubwa linakula siku kumi na nne za kupunguza mazoezi na nyingine kama hizo za kujiuguza, nusu ya kambi. Tulichukua viti vya plastiki tukakaa. Waliingia majini saa moja asubuhi, na wa mwisho walikuwa bado wanakuja kuelekea saa sita usiku, muda wa saa 17 ukiisha. Baba Nasra alitazama zaidi wale wa mwisho. Mwaka ujao, alisema. Nimefungua safu mpya kwenye jedwali.

Ukirudi, usipange mazoezi wiki ya kwanza wala mikutano siku ya kwanza. Osha baiskeli chumvi yote, paka cheni mafuta upya, kaza kila skrubu. Mpe mama yako zawadi iliyo bora kuliko ya mtoto. Na kipilefti cha kwanza cha Dar kipite kwa miguu, baiskeli mkononi, usione haya. Mimi niliingia kulia, bodaboda akaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Sanduku la baiskeli liko stoo kwetu, na anayelihitaji aje alichukue, limeshaazimwa mara mbili. Aliyeondoka nalo mara ya mwisho alilirudisha bila pampu yangu ya mkono. Anajijua.